Usukani wa kitovuni au shokapu za mbele: pikipiki ipi inakufaa?

Chukua ile kamba ya plastiki ya kubania nyaya, ifunge kwenye bomba linalong'aa la shokapu ya mbele ya pikipiki yako, kisha isukume chini mpaka iguse oili sili. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu, fika kilomita 40 kwa saa, halafu kamata breki ya mbele kwa nguvu, ila tairi lisifunge. Ukisimama, shuka ukaangalie. Kamba itakuwa imepanda, na nafasi iliyopo kati yake na sili inakuonyesha pua ya pikipiki iliinama kiasi gani. Kwa pikipiki nyingi nafasi hiyo ni sehemu kubwa ya umbali wote ambao shokapu inaweza kushuka, na hapo bado hujakutana na shimo.

Usukani wa kitovuni ulibuniwa kwa ajili ya tatizo hilo. Ni mfumo usio na shokapu mbili za mbele kabisa: gurudumu la mbele linabebwa na mikono inayotoka kwenye injini au fremu, na linageuka kushoto na kulia kwa pini iliyofichwa ndani ya kitovu chake. Watu wengi wanaoniuliza habari zake wameona picha ya Bimota Tesi, pikipiki ya Kiitalia, mtandaoni, wakashangaa mbele hakuna kitu, wakataka kujua kama ni kitu cha kununua au cha kutazama tu. Niseme mapema ninakoegemea. Kwa akili ya ufundi, naona wazo hili ni sahihi kuliko shokapu. Lakini wazo kuwa sahihi hakutoshi kukufanya uwe na raha nalo barabarani na gereji, na huko ndiko ulinganisho wangu unakokwenda.

Shokapu na kazi zake tatu

Shokapu za mbele zenye springi na oili ya kutuliza mtikisiko zilianza kuuzwa kwenye pikipiki za kawaida mwaka 1935, BMW ilipozifunga kwenye R12 na R17. Tangu hapo zimeenea dunia nzima, kuanzia boda boda hadi pikipiki za mbio.

Mabomba hayo mawili yanameza mashimo, yanageuza gurudumu, na yanabeba nguvu ya breki. Ugumu uko kwenye hiyo kazi ya tatu. Breki inakamatia chini kabisa kwenye disiki, wakati bomba limeshikwa juu kabisa kwenye koni za usukani. Fundi yeyote aliyewahi kuchomeka bomba kwenye mpini wa spana ili afungue nati iliyogoma anajua urefu unavyozidisha nguvu. Shokapu nayo ni hivyo hivyo: barabara inavuta tairi kwenda nyuma, na koni pamoja na shingo ya fremu ndizo zinazobanwa. Kwa sababu hiyo shingo ya fremu lazima iwe imara na nzito. Kwa sababu hiyo hiyo mabomba hupinda kidogo kwenye breki kali, yakabana kwenye bushi zake na kusita kuteleza, saa ile ile unayoyahitaji yateleze.

Halafu kuna pembe. Shingo ya usukani imelala kuelekea nyuma, na kwa pikipiki za mwendo wa kasi mlalo wake ni kama nyuzi 24. Ukiurefusha mstari wa shingo hiyo mpaka chini, utagusa lami mbele kidogo ya pale tairi linapokanyaga. Umbali kati ya sehemu hizo mbili nitauita mfuato, kwa kuwa ndio unaolifanya tairi liufuate usukani, kama magurudumu madogo ya kitoroli cha dukani yanavyogeuka yenyewe na kufuata unakosukuma. Mfuato wa karibu sentimita 10 unaipa pikipiki utulivu. Sasa kamata breki, shokapu zishuke sentimita 10. Pikipiki yenye mita 1.4 kati ya ekseli na ekseli itainama karibu nyuzi 4, mlalo wa shingo utabaki kama nyuzi 20, na mfuato utapungua hadi karibu sentimita 8. Pikipiki unayoingia nayo kwenye kona haiko tena kama ilivyokuwa kwenye mstari ulionyooka.

Wanaotetea shokapu husema huko kuinama kunawasaidia. Mlalo ukipungua, pikipiki inakuwa nyepesi kuingia kona. Pia pua inayoshuka inamwambia dereva breki imeshika kiasi gani, bila yeye kuwaza. Hoja hiyo ina uzito, na nimeionja kwenye vidole vyangu mwenyewe, kama nitakavyoeleza.

Ndani ya kitovu

Kitovu cha gurudumu la kawaida, kile ambacho gereji hukiita habu, ni kidogo: beringi mbili na ekseli iliyopita katikati. Kwenye usukani wa kitovuni kinanenepa mpaka kinakuwa kama chungu kidogo. Beringi zake ni pana. Gurudumu linazunguka kwa nje, na vilivyomo ndani havizunguki. Humo ndani kuna ekseli iliyotulia, imeshikwa ncha zote mbili na mikono miwili iliyolikumbatia tairi kulia na kushoto, sawa na swingi amu, ule mkono unaobeba gurudumu la nyuma, iliyohamishiwa mbele. Katikati ya ekseli hiyo imesimama pini, na kwenye pini hiyo ndipo kitovu kizima hugeukia. Dereva wa lori ataitambua papo hapo: ni kingpini. Ila ya lori iko kando ya tairi, na hii iko katikati kabisa, kwenye mstari wa tairi lenyewe.

Vishikio havigeuzi gurudumu moja kwa moja. Vinageuza kipande kidogo cha chuma, hicho kinasukuma rodi, rodi inasukuma kipande kingine, nacho kinasukuma rodi ya pili mpaka kwenye kitovu. Kila panapokutana viwili pana boljointi, kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachogeuka kila upande. Kumbuka hesabu ya boljointi hizo, maana tutazirudia.

Kalipa za breki zimefungwa kwenye bamba linaloshikiliwa na rodi nyingine, iliyo juu ya mkono unaobeba gurudumu na sambamba nao. Hapo ndipo ulipo uzuri wa mfumo huu. Mkono wa chini na rodi ya juu vikienda sambamba, gurudumu hupanda na kushuka huku kingpini ikibaki na mlalo ule ule, na mfuato haubadiliki sana. Tena mhandisi akihamisha mahali rodi hiyo inapofungwa, anaamua mwenyewe pua iiname kiasi gani wakati wa breki: kidogo, sana, au isiiname kabisa. Kwenye shokapu za kawaida hana uhuru huo.

Kuna jambo watu hulichanganya. Pua isipoinama haina maana kwamba uzito hauji mbele. Uzito unakuja kama kawaida na tairi la mbele linakandamizwa kama kawaida, kwa sababu hilo linatokana na kimo cha mzigo na urefu wa pikipiki. Kinachobadilika ni njia inayopitwa na nguvu. Badala ya kuikandamiza springi hadi mwisho, nguvu ya breki inapita kwenye mikono ya chuma hadi kwenye injini, chini, bila kupandishwa shingoni. Springi inabaki na nafasi ya kumeza shimo utakalolikuta katikati ya breki. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote, na ndiyo ambayo haionekani kwenye picha.

Wazo la miaka 100

Mmarekani Carl Neracher aliuza pikipiki ya namna hii mapema miaka ya 1920, iliyotengenezwa Syracuse, jimbo la New York, kisha Uingereza na kampuni ya Sheffield-Simplex. Iliitwa Ner-A-Car. Ilikuwa ndefu, ya chini, na tulivu kiasi cha kusifiwa kuwa unaweza kuachia vishikio ikaendelea kwenda sawa. Mwaka 1922 Erwin "Cannonball" Baker aliivusha Marekani kutoka New York hadi Los Angeles. Baadaye Jack Difazio, fundi wa mji wa Frome huko Uingereza, akawa anawafungia watu vitovu vya namna hii kwenye pikipiki zao za kawaida.

Ufaransa ndiko wazo lilipoingizwa kwenye mbio kwa fedha za kutosha. André de Cortanze, mhandisi wa magari, alitengeneza Elf X mwaka 1978 kwa udhamini wa kampuni ya mafuta ya Elf, akatumia injini ya Yamaha TZ750. Mradi uliendelea kwa injini za Honda hadi kwenye Grand Prix za 500cc, Ron Haslam akiwa dereva. Haukuchukua ubingwa. Lakini ule mkono mmoja wa nyuma unaouona kwenye baadhi ya Honda za mwishoni mwa miaka ya 1980, kama RC30, ulizaliwa kwenye mradi huo.

Tatu unazoweza kukutana nazo

Neno "tesi" kwa Kiitalia ni tasnifu. Pierluigi Marconi alipokuwa mwanafunzi wa uhandisi Bologna, usukani wa kitovuni ndio uliokuwa mada ya tasnifu yake, na Bimota ya Rimini ikaichukua. Pikipiki za majaribio za miaka ya 1980 ziligeuzwa kwa mafuta ya haidroli badala ya rodi, zikawa hazimpi dereva habari ya kutosha kutoka kwenye tairi, hivyo wakarudi kwenye rodi. Tesi 1D ikaja mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikiwa na injini ya Ducati. Baadaye zikafuata 2D na 3D, nazo kwa Ducati. Kawasaki iliponunua karibu nusu ya Bimota mwaka 2019, ikazaliwa Tesi H2 yenye injini ya 998cc inayosukumiwa hewa kwa nguvu, na nguvu za farasi zinazokaribia 230. Ilipotoka, bei yake ilipita euro 60,000. Hii ndiyo yenye mikono miwili na kingpini katikati, kama nilivyoeleza juu.

Yamaha GTS1000 ya mwaka 1993 ni ya ukoo huo ila si pacha wa Tesi. Mbunifu wake, Mmarekani James Parker, alitumia mkono mkubwa upande mmoja tu, uliopinda kulizunguka tairi, na kipande kirefu kinachosimama juu ya gurudumu, kimeshikwa na boljointi juu na chini kama mbele ya gari dogo. Vishikio vinaunganishwa na kipande hicho kwa shafti moja inayorefuka na kufupika. Viungo vyake ni vichache kuliko vya Tesi. Injini ni ya mitungi minne, 1002cc, yenye asili ya FZR1000, na ilikuwa na fyueli injeksheni na ABS, breki zinazozuia tairi lisifunge, wakati ambao pikipiki nyingi hazikuwa nazo. Marekani iliuzwa kwa karibu dola 13,000, pesa nyingi kwa wakati ule, nayo ikaondolewa sokoni huko baada ya miaka miwili. Ulaya ilidumu zaidi, na mpaka leo ndiko zinakopatikana kwa bei ya mtumba ya kawaida.

Ya tatu ni skuta, Italjet Dragster, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1990 na kurudishwa upya miaka ya 2020 kwa 125cc na 200cc. Nayo ina mkono mmoja mbele. Kwa skuta ya mjini faida za breki si jambo la kufa na kupona. Watu wanaipenda kwa umbo lake lililo wazi linaloonyesha mabomba yote, na sioni ubaya. Kama unataka kuuonja mfumo bila kuuza shamba, hii ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote.

Breki na kona

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Ujerumani kwa kazi, na mzee mmoja jirani alikuwa na GTS ya kijani iliyokolea. Alinikuta nimechuchumaa mbele yake mara ya tatu wiki hiyo, nikitazama ule mkono uliopinda, akaenda ndani akaja na ufunguo. Alinionya jambo moja tu: itakuwa kimya mikononi, nisiogope.

Sikumwelewa mpaka kwenye taa za kwanza. Nilikamata breki kama nilivyozoea, na mwili wangu ukawa unasubiri pua ishuke ndipo niamini kwamba imeshika. Pua ikashuka kidogo tu, ikatulia. Nikadhani breki ni dhaifu, nikaminya zaidi, na ABS ikaanza kupiga mapigo chini ya vidole. Nikasimama mita nyingi kabla ya mstari, dereva wa nyuma akiniangalia kwa mshangao. Breki ilikuwa imeshika muda wote. Aliyekuwa hajui kuisoma ni mimi.

Baada ya nusu saa nilianza kuielewa. Kwenye barabara ya mashambani yenye viraka nilikamata breki juu ya viraka vyenyewe, jambo ambalo kwenye shokapu hulifanya kwa woga, kwani shokapu iliyokwisha kuinama haina nafasi ya kumeza tuta. GTS ilivipita ikiwa imenyooka, tairi halijaruka. Niliporudi nilikuwa nimeamini kwa mikono, si kwa michoro.

Kona ni habari nyingine. Kwenye mwendo wa kasi na kona ndefu, utulivu wa mfumo huu unapendeza sana, maana ukigusa breki katikati ya kona pikipiki haibadiliki. Lakini ukitaka kuitupa haraka kulia na kushoto, GTS ilikuwa nzito kugeuza, na uzito wake wa zaidi ya kilo 270 ikiwa imejazwa mafuta hausaidii. Tesi ni nyepesi zaidi na imebuniwa kwa kona. Lakini malalamiko yanayorudi kwa miaka mingi kuhusu Tesi za zamani ni kwamba usukani hauzungumzi vizuri: kati ya kiganja chako na lami kuna rodi na viungo vingi, na kila kimoja kinameza kidogo ya habari inayotoka chini. Shokapu, pamoja na kasoro zake zote, ni bomba moja kwa moja kutoka kwenye ekseli hadi mikononi. Ukiwa dereva anayependa kuhisi kila kokoto, hilo si jambo la kupuuza.

Kugeuka mjini

Hapa shokapu inashinda bila ubishi. Gurudumu lililokumbatiwa na mikono miwili haliwezi kugeuka sana kabla tairi halijagusa mkono. Tesi inahitaji barabara pana ili igeuke, na kuitoa kwenye maegesho yaliyobanana ni kazi ya kwenda mbele na kurudi nyuma mara kadhaa. Mifumo ya mkono mmoja, GTS na Dragster, ina nafuu kwa sababu upande mmoja uko wazi na mkono umepindishwa kulipisha tairi. Kama safari zako ni za foleni na vichochoro, fikiria jambo hili kabla ya yote.

Gereji

Shokapu ya kawaida ikivuja, fundi yeyote kuanzia Tanga hadi Kisumu anabadilisha sili na oili kwa muda mfupi, na spea zinauzwa duka la kona. Koni zikichoka, zinapatikana. Bomba likipinda kidogo, kuna watu wa kulinyoosha, ingawa mimi ningelibadilisha. Urahisi huu ndio ulioifanya shokapu itawale dunia kuliko ubora wake wowote wa kiufundi, nami siudharau hata kidogo. Zaidi ya hapo, shokapu haikukaa ilivyokuwa mwaka 1935. Mabomba yaligeuzwa, nene yakawa juu na jembamba chini, vali za ndani zikawa bora, matairi yakatengenezwa yakiizingatia. Pikipiki za MotoGP, mbio kubwa za dunia, bado zinatumia shokapu, na timu zile zingebadilisha kesho kama zingeona faida ya wazi kwenye saa.

Usukani wa kitovuni unadai matunzo ya gari. Boljointi zinachakaa. Mchezo mdogo kwenye kiungo kimoja hauna neno, lakini viungo vinne au vitano vyenye mchezo mdogo kila kimoja vinajumlishwa, na dereva anauhisi jumla yake kama usukani unaoelea. Vumbi ni adui mkubwa. Boljointi isiyo na kifuniko cha mpira, ukiitembeza kwenye barabara ya changarawe, inakula mchanga kila siku. Ukiniuliza kama mfumo wa Tesi unafaa barabara za vijijini kwetu, jibu langu ni hapana, na sababu ni mchanga huo kabla ya sababu nyingine yoyote.

Kwa GTS kuna faraja moja: kwa kuwa mkono uko upande mmoja, gurudumu la mbele hutoka kama la gari. Lakini tairi lake la mbele ni 130/60 la inchi 17, kipimo ambacho pikipiki za kawaida hazitumii, na kulitafuta kunachosha. Kabla hujapenda rangi, uliza tairi.

Nani asahau boda boda? Nimeulizwa na vijana kama mfumo huu ungefaa kwa kazi yao. Boda inabeba mzigo wake mkubwa nyuma, inakwenda mwendo wa wastani, na inaishi kwa spea za bei ndogo zinazopatikana mpaka kijiji cha mwisho. Matatizo ambayo usukani wa kitovuni unayatatua ni ya pikipiki nzito zinazokamata breki kali kwenye kasi kubwa. Kwa boda, fedha hizo ziende kwenye oili mpya ya shokapu, tairi zuri la mbele na pedi za breki zisizo bandia.

Njia ya kati

Hapa wengi hupasahau, na ndipo ningewaelekeza karibu wote wanaotamani faida za usukani wa kitovuni bila gharama yake.

BMW ilileta Telelever mwaka 1993 kwenye R1100RS. Ukiitazama haraka utadhani ni shokapu za kawaida, maana mabomba mawili yapo. Lakini ndani ya mabomba hayo hamna springi. Mkono wenye umbo la herufi A unatoka kwenye injini na kuyashika kwa boljointi moja, na springi iko juu ya mkono huo, peke yake. Mabomba yanateleza na kugeuza tu. Nguvu kubwa ya breki inaingia kwenye mkono, pua haiinami sana, na fundi anakuta boljointi moja badala ya tano. BMW GS kubwa zinazovuka Afrika kutoka kaskazini hadi kusini, zile unazoziona zimeegeshwa kwenye hoteli za Nairobi na Arusha zikiwa na masanduku ya bati na matope mpaka juu, kwa miaka mingi zimetembea kwa mfumo huu. Changarawe haikuushinda.

Mfumo wa pili ni wa Norman Hossack, aliyewahi kufanya kazi McLaren, kampuni ya magari ya mbio. Aliweka mikono miwili mifupi mbele ya fremu, na ikabeba kipande kirefu kama uma kilichoshika gurudumu. Kugeuka kunafanyika kwenye boljointi za mikono hiyo, juu ya tairi, hivyo tairi lina nafasi yake ya kugeuka na kitovu kinabaki cha kawaida. BMW iliutumia kwenye K1200S mwaka 2004 kwa jina la Duolever, na Honda ikaweka mfumo wa namna hiyo kwenye Gold Wing ya mwaka 2018. Mlalo hautetereki, breki haiinamishi pua ovyo, na gereji haina kingpini ya kuhangaika nayo. Ukipima faida kwa gharama, huu naupa nafasi ya kwanza.

Basi uchague ipi

Ukitaka pikipiki moja ya kazi zote, iliyo karibu na fundi wako, baki na shokapu na uzitunze. Ukienda mbali, umebeba mzigo, na unakutana na barabara mbovu ukiwa kasi, tafuta BMW yenye Telelever. Ukiwa mtu wa lami, unapenda mwendo mrefu na una moyo wa kutunza kitu cha pekee, uko Ulaya au mahali penye spea, GTS1000 iliyotunzwa vizuri itakupa kwa bei ya mtumba kitu ambacho Bimota wanakiuza kwa bei ya nyumba. Tesi mnunulie yule ambaye hata ikisimama sebuleni ataamka usiku kwenda kuitazama. Wapo watu hao, nawaelewa kabisa, na bila wao wazo hili lingekufa zamani.

Ukienda kukagua GTS ya mtumba, usianze na injini. Mwombe muuzaji aiweke kwenye stendi ya katikati, mbele inyanyuliwe mpaka tairi lielee. Shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta kama unavyokagua boljointi za gari. Kisha mwambie mwenzako alibane tairi kwa magoti, wewe shika vishikio na uvipeleke kulia na kushoto taratibu, upana wa ukucha tu, huku mkono wa pili ukigusa kiungo kimoja baada ya kingine, kuanzia chini ya vishikio hadi kwenye gurudumu. Kidole kinasikia kabla ya sikio. Kiungo kitakachogonga chini ya kidole ndicho cha kubadilisha, na bei yake ikatwe kwenye bei ya pikipiki kabla hujatoa pesa mfukoni.